Picha ya Mzee Barasa na Maneno Yaliyokimbia

Alhamisi, Julai 1999. Kawangware. Baridi ya kutoboa sweta, jua limegoma tangu Jumatatu.

Mimi nilizaliwa na bahati, hilo liandikwe kwanza. Wengine hulipia kozi mwaka mzima wapewe cheti. Mimi niliokota diski moja yenye programu ya bure, nikaichomeka kwenye kompyuta ya hii ofisi yetu ya kuchapa, na siku hiyo hiyo picha zikaanza kusonga na maneno juu yake. Bila mwalimu. Bila kitabu. Shule niliiacha Form Two kwa hiari yangu, na nimefika Mombasa, Kampala, na Busia pande zote mbili. Nikianguka kwenye mtaro wa Gatwekera natoka na viatu vipya.

Lakini leo nimeharibu kazi ya mtu.

Nyinyi mnaosoma ukurasa wangu huu wa intaneti (kaunta ya kuhesabu wasomaji hapo chini inasema wageni ni kumi na mmoja, na tisa ni mimi), ngojeni nieleze. Wiki jana alikuja Mama Nafula wa Kambi Muru. Mtoto wake wa kiume, Wafula, anasoma ng'ambo, na mwezi ujao ana mtihani wa mwisho. Mtoto huyo alikuwa amesikia kwa watu kwamba baba yake, Mzee Barasa, amelazwa. Ni kweli alilazwa, lakini alitoka, na sasa anakula ugali hadi anaongezwa. Mama alitaka mtoto ajue hivyo, atulie, afanye mtihani wake. Barua hakutaka.

"Barua zetu zote husema tuko salama, hata nyumba ikiungua," aliniambia. "Nataka amwone baba yake akisonga."

Nani mwingine Nairobi nzima angemsaidia?

Nikamleta mpiga picha, akampiga Mzee picha nne mlangoni pake: kofia kichwani, kofia ikiinuka, kofia juu, kofia juu na meno nje. Nikazipitisha kwenye skana, nikazipanga zifuatane. Kwenye ya kwanza nikaandika: Baba alikuwa mgonjwa sana. Kwenye zile tatu: Sasa amepona. Usije. Soma. Halafu nikazungushia mstari mweusi, kwa sababu kazi yangu ya kila siku hapa ni kuchapa programu za mazishi na mkono umeshazoea. Kwa kompyuta yetu, ambayo ni mzee kuliko Mzee Barasa, kofia ilipanda polepole kama mtu anayemsalimia askofu, na maneno ukayasoma yote. Mama alicheka hadi akafuta machozi na leso. Nikaituma Jumatatu kwa barua pepe.

Leo mchana nilienda Riruta kwa landlord mmoja mwenye nyumba za kupangisha, Baba Wanjiru, aliyenunua kompyuta mpya, nimuunganishie nyaya. Sasa mimi na kukaa kimya tulikosana zamani. Nikatoa diski, nikamwonyesha kazi yangu iliyofika majuu, ng'ambo kwa Wafula.

"Huyu mzee anafukuza nzi?" akauliza.

Maze, kompyuta mpya ni mbio! Picha ya kwanza ilisimama sekunde tano, imara kabisa, halafu zile tatu zikapita zote kwa pamoja, hata hujapepesa kope. Kisha ya kwanza tena. Sekunde tano. Baba alikuwa mgonjwa sana. Lile neno la kupona halikuonekana popote.

Makokha, fundi wa mbao aliyekuwa akigongea misumari meza ya hiyo kompyuta, akaweka nyundo chini.

"Pole sana, ndugu yangu. Mnazika lini?"

"Hapana, huyu amepona!"

"Ni sawa," akasema, akanishika bega. "Mwanzoni wote tunasema hivyo."

Makokha ni mtu wa kwetu. Na kwetu hakuna anayemwandikia mtoto aliye mbali kwamba baba amekufa. Unamwandikia kwamba ni mgonjwa sana. Yeye anaelewa, anafunga mkoba, na akifika akaona turubai uani, ndipo analia. Wafula amelelewa hivyo hivyo. Na mimi nimempelekea maneno hayo hayo juu ya sura ya baba yake, ndani ya mstari mweusi.

Nimempa mtu matanga ya baba aliye hai.

Nyaya za watu niliziacha sakafuni, nikarudi Kawangware mbio. Laini ya simu, ambayo intaneti yetu hupitia, ilikuwa imekufa hadi saa tisa. Ilipofufuka nikarekebisha muda wa kila picha, nikaufuta mstari mweusi, nikatuma tena pamoja na barua ya kueleza. Barua! Kitu kile kile ambacho mama yake alisema hakiaminiki. Nimelifungua sanduku langu la barua mara ishirini. Tupu. Huenda Wafula hajafungua hata ile ya kwanza. Huenda ameshauza vitabu na yuko kwenye uwanja wa ndege.

Saa kumi Mama Nafula akaingia na mahindi ya kuchemsha yamefungwa kwa gazeti.

"Profesa, amejibu?"

"Bado, mathe. Laini ndiyo mbaya."

"Si kitu. Mzee anauliza tu kama meno yake yalionekana."

Nikasema yalionekana. Nikala mahindi yake mbele yake hadi likabaki gunzi. Namba ya simu ya kule Wafula anakokaa, Mama ameiweka ndani ya Biblia yake, aliniambia mwenyewe. Neno moja tu kutoka kwangu, angeenda kupiga. Sikulitoa.

Nikizima hii mashine sipiti popote, naenda Kambi Muru moja kwa moja, nimwambie apige leo leo. Acha anitukane, wapangaji wa plot nzima wasikie.

Na lile la bahati nililoandika pale juu ni uongo. Diski sikuiokota. Ni ya Atieno, anayechapa hapa meza ya pili. Alinifundisha wiki tatu, baada ya kazi, bila kunicheka hata siku moja. Aliniambia kila picha ina kisanduku chake cha muda, nijaze vyote vinne, kwa sababu mashine za watu si kama hii yetu. Nilijaza cha kwanza. Hayo mengine nikamwambia najua.

Sikujua.