Aya ya Sita

Jumatatu, 5 Februari

Leo nimegombana na bosi juu ya panya.

Profesa wa macho — yule mama wa ghorofa ya tatu, anayelisha panya wake mwenyewe utadhani wajukuu — hatimaye kakubali tutangaze utafiti wake. Kachukua panya waliopofuka kwa presha ya macho, kawatia dawa yake mpya, na mshipa wa jicho umeanza kuota upya. Baadhi wameona tena. Kanionyesha mmoja akikifuata kwa macho kidole alichokipitisha nje ya kizimba, huku na huku. Nilisisimka, kusema kweli. Miaka yote kwenye ofisi ya habari naandika semina na wageni rasmi. Leo nimepata kitu cha maana.

Kichwa changu cha habari: "Watafiti warudisha uwezo wa kuona kwa panya wenye presha ya macho." Nikampelekea Mzee Kifupi. Ndilo jina tulilompa bosi, maana kila ukimpelekea kitu anasema fupisha. Kauliza panya wanafanya nini huko juu, nani atafungua habari ya panya? Nikamwambia Profesa kaomba wasitolewe. Kasema hawatolewi, wanashushwa tu.

Basi nikawashusha. Aya ya sita. Kichwa kikawa: "Chuo chetu chagundua dawa ya kurudisha macho yaliyopofuka." Kifupi, kinavutia. Nilikisoma tena na tena, nikajipenda.

Jumanne, 6 Februari

Habari imekimbia, si mchezo. Watu wanafowadi mpaka imenirudia mwenyewe kwenye kundi la familia, imeletwa na binamu asiyejua hata kwamba ni mimi niliyeiandika.

Mjomba kapiga simu nikiwa mkutanoni. Ndiye aliyenilea mama alipofariki. Fundi cherehani, kastaafu, lakini bado anapinda suruali za majirani. Ana presha ya macho. Kila jioni anatia matone, yanamuwasha, analalamika, anatia. Kila asubuhi anakaa mlangoni na kutunga uzi kwenye sindano, kujipima macho. Ukipita, anasema, "Leo bado nipo."

Leo sauti yake ilikuwa ya bwana harusi. Mkewe kamsomea habari yangu — yote, anasema. "Mpwa wangu, kitu kama hiki mnanificha?" Nikanong'ona: bado kidogo mjomba, ni utafiti, tutaongea. Nikakata.

Nilipotoka mkutanoni nilikuwa nimechoka. Nitampigia kesho.

Ijumaa, 9 Februari

Profesa kashuka mwenyewe ofisini kwetu. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Kasema watu wanapanga foleni mlangoni pa maabara. Mmoja kaja kamshika mama yake mkono, wamesafiri usiku kucha. "Nikawaonyesha panya," kasema. "Yule bibi akaniuliza, sasa huyo panya mimi nimsaidie nini?"

Siku nyingine ningecheka.

Alipoondoka, Mzee Kifupi kaniagiza nimrudishe panya juu, kimyakimya, bila kutangaza kwamba tulikosea. Jina la chuo lisichafuke. Nikamrudisha. Kazi ndogo kuliko kuchemsha chai. Lakini ile ya kwanza iko kwenye simu za watu, na simu za watu siwezi kuzihariri. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mjomba sijampigia. Naona aibu. Kijiji kizima cha wateja wake keshawatangazia kwamba mwandishi ni mimi. Nitaenda Jumapili, nimweleze uso kwa uso.

Jumapili, 18 Februari

Sikuenda wiki ile. Leo pia sikuenda. Mvua.

Uongo. Mvua ilikatika asubuhi.

Jumapili, 28 Aprili

Leo nimekwenda. Heri ningekwenda zamani.

Nilimkuta kwenye kiti chake cha mlangoni, shati limepigwa pasi. "Shikamoo mjomba." Kaitikia marahaba, kageuza uso upande ambao sikuwepo. Nikadhani ni utani wake. Halafu kainuka kunikumbatia, bega la kulia likagonga fremu ya mlango. Mlango ambao ameupita tangu sijazaliwa. Kacheka, kasema nyumba imenenepa.

Jikoni mkazamjomba kanishika kiwiko. "Matone kaacha. Tangu ulipoandika." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Kanitazama. "Nilidhani unajua. Si ulimwambia bado kidogo?"

Nikarudi mlangoni. Mjomba kanieleza taratibu, kama alivyokuwa akinifundisha kupima kiuno. "Mwanangu, kiraka kipya hushoni juu ya kiraka kibovu. Unafumua kwanza. Dawa yenu ikija, ilikute jicho safi." Na kutoona vizuri? Huko ndiko kufumuliwa kwenyewe, kasema. Lazima nguo iharibike kidogo.

Nikamwambia ni panya, mjomba. Dawa ile wametiwa panya tu. Mtu hajaguswa, na huenda miaka mingi ipite kabla hajaguswa.

"Uliandika panya?"

Niliandika. Aya ya sita.

Mkazamjomba, mlangoni, kasema kwa sauti ndogo kwamba yeye alisoma mpaka penye picha. Picha iko aya ya tatu. Niliiweka mimi.

Mjomba kanigonga goti. Kasema anaelewa: wakubwa wamenibana mdomo, wanataka dawa iwafikie matajiri kwanza. Nisijali, yeye atasubiri. Niliapa. Nililia. Kanipangusa machozi kwa kidole gumba. Mara ya kwanza kilinipata sikioni. Ninachosema kwa mdomo wangu hakiamini. Anaamini nilichoandika.

Jumatatu, 29 Aprili

Nimepanda ghorofa ya tatu. Profesa alikuwa anabadilisha maji ya panya. Nikamweleza yote, nikingoja anitimue. Ningependa anitimue. Kakausha mikono, kaomba namba ya mjomba, kapiga hapo hapo.

Kazungumza naye muda mrefu. Kamwita baba. Kamwambia kwamba panya wengi hawakupona, na wengine waliopona walipofuka tena — na hilo hata mimi sikulijua, maana sikuuliza. Kamwambia jicho lililopotea kwa ugonjwa huu kwa sasa halirudi, kazi ni kulinda lililobaki. Mwisho nikamsikia mjomba: "Asante mwanangu. Umenieleza vizuri." Sauti ile ya bwana harusi haikuwepo tena. Mimi ndiye niliyempa, na mimi nimemnyang'anya.

Alhamisi tunampeleka hospitali ya macho. Matone kaanza tena jioni hii, kasema mkewe kwenye simu. Hakulalamika kwamba yanawasha.

Alhamisi, 2 Mei

Hospitali. Naandika hapa hapa kwenye benchi, mikono ipate kazi.

Jicho la kulia limekwenda. Daktari kalisema hivyo hivyo, bila kuzunguka. La kushoto presha imepanda vibaya. Kuna upasuaji unaoweza kuliokoa, ukifanywa mapema. Nikashusha pumzi. Kisha kauliza: "Mzee, uliachaje dawa? Nani alikwambia?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti. Nilifungua mdomo.

"Hakuna mtu, daktari," mjomba kasema. "Uzee. Nilikuwa nasahau."

Daktari kaweka kalamu chini. Kasema hapo ndipo pagumu. Baada ya kisu ni matone, asubuhi, mchana na jioni, kwa miezi. Mgonjwa wa kusahau akipasuliwa jicho linaweza kufa kabisa. Wa namna hiyo yeye hampasui, nafasi anampa mwingine. Ngoja akashauriane na mwenzake. Tukatolewa nje.

Na mimi nikatoka. Sijui ulimi ulikuwa wapi. Maneno ni kazi yangu, nalipwa kwa maneno, na palipohitajika moja sikulitoa.

Hapa kwenye benchi nikamuuliza, mjomba kwa nini? Mjomba ambaye anakumbuka mpaka kiuno cha wateja waliokwishakufa! Kasema kwa utulivu: "Ningesema ni habari ya chuo, wangetafuta aliyeiandika. Kazi uliipata kwa shida. Mimi nguo zangu nimeshashona." Nikamwambia jicho lako, mjomba. Kasema moja linamtosha mtu asiyetunga tena sindano. Hajaelewa kwamba ni hilo moja linalokwenda. Au kaelewa. Mkazamjomba anatazama sakafu, ananiachia mimi.

Nitasema. Mlango ukifunguliwa nitasema: hasahau, hajawahi kusahau kitu, aliamini. Aliniamini mimi. Waandike jina langu wapeleke popote wanapotaka.

Mlango umefunguliwa. Nesi anaita ndugu wa mzee.

Mjomba kanishika mkono wa gauni, hataki niinuke. Vidole vyake vinatembea kwenye pindo. "Hapa pamefumuka," anasema. "Huwezi kuingia kwa daktari hivi. Kaa nikushonee." Kachomoa sindano kwenye ukosi wa shati, pale inapokaa siku zote, na uzi mfukoni. Kaviinua kwenye mwanga wa dirisha. Kajaribu. Kajaribu tena, ametoa ulimi kidogo kama mtoto. Uzi unapita pembeni.

Ananinyooshea vyote viwili. "Nitungie," anasema. Tangu anilee hajawahi kuniomba hivyo.

Nesi anaita mara ya pili.