Debe Halipotezi Zamu

Kizwite, 9 Julai 1994

Wifi yangu Klementina,

Bwana asifiwe! Hujambo huko Kasesya? Na kaka Leonardi je, kikohozi kimemwachia? Sisi wazima, ila upepo wa mwaka huu unatukata masikio.

Wifi, nina jambo moyoni. Tangu niokoke siwezi kunyamaza, unanijua. Kila asubuhi naingia kwenye mashine yenu hapa Kizwite, nasimama mlangoni, nawahubiria kina mama wanaongoja kusaga. Mashine ikinguruma napumzika, ikizimwa naendelea. Juzi Sadoki, msagaji wenu, kaniambia mbele za watu: "Mama Debora, wateja wanatukimbia. Na kaka yako kaagiza usikanyage tena humu."

Nimelia, wifi. Uwanja wa ndugu yangu, wazi hata kwa mbuzi wa jirani, mimi nifukuzwe? Niombee kwa kaka. Roho za watu hawa nitaulizwa mimi.

Wifi yako,
Herieth

Kasesya, 20 Julai 1994

Wifi Herieth,

Tumsifu Yesu Kristo. Milele na milele, amina. Najijibu mwenyewe, maana tangu uokoke salamu yetu huiitikii. Hatujambo. Kikohozi cha kaka yako kimepungua, hasira bado.

Nimebishana naye mpaka ugali ukapoa. Lakini na mimi nisikilize. Mama anayekuja kusaga kaacha watoto hawajala, na mahindi yake yako ndani. Ukimsimamia mlangoni ukamwambia ataungua motoni, atakwenda wapi? Hakusikilizi wewe, anangoja unga. Hata padre wangu akinifungia kanisani nisitoke, nitamchukia.

Tumeafikiana hivi: nenda usage, kaa, piga soga. Ukitaka kuhubiri, toka nje ya uzio, pale kwenye mkaratusi kando ya barabara. Anayetaka ataacha debe lake kwenye foleni akufuate. Debe halipotezi zamu.

Usininunie.

Wifi yako,
Klementina

Kasesya, 2 Septemba 1994

Wifi,

U mzima? Dereva Enock kila akirudi namuuliza barua, ananionyesha viganja vitupu. Kitenge nilichokutumia kupitia kwake umekipata? Hata asante hakuna! Kanisa umepata jipya, sawa. Wifi utamtoa wapi mwingine?

Klementina

Kizwite, 25 Septemba 1994

Wifi yangu,

Milele na milele, amina. Haya, nimeitikia. Tumeamka salama, na kitenge nimekivaa leo ndipo nikaona haya kuendelea kununa.

Nilinuna kweli. Nikasema, Klementina kanitupa barabarani. Mwisho nikatoka nje ya uzio, maana ndani Sadoki ananitazama kama mwizi wa kuku. Wifi, hakuja mtu! Nahubiri, vumbi linanijaa mdomoni, kina mama ndani wanacheka: "Mama Debora leo anaokoa ng'ombe wa Wasukuma!" Na kweli walikuwa wanapita. Siku zile nilijiona nina mkutano mkubwa, kumbe ni watu waliokosa pa kwenda. Hilo limeniuma kuliko maneno ya kaka.

Sasa jana. Unamkumbuka Mama Wilibrodi, yule aliyekuwa akinipa mgongo kila nikifungua Biblia? Kaacha debe lake, kavuka barabara mwenyewe. Kaniambia, "Mwanangu hali, hanywi, amebaki macho. Niombee. Kule ndani nisingekuambia, nisingekupa raha hiyo."

Sikuhubiri hata neno. Nilimshika mikono, tukaomba, tukalia kama watoto, kisha nikamwambia akitoka hapa ampeleke mtoto hospitali, nitamsindikiza. Sadoki alipoita zamu yake tuligeuka: debe limeshafika mbele. Wenzake walikuwa wakimsogezea. Leo mtoto kanywa uji.

Sijui hilo nalo ni kuhubiri. Muulize kaka.

Wifi yako anayekupenda,
Herieth

Kasesya, 11 Oktoba 1994

Mpenzi wifi,

Pokea salamu za wote hapa, na za kaka yako aliyekuwa hataki kutajwa. Barua nilimsomea wakati wa kula. Alimeza tonge, akauliza kama pale kwenye mkaratusi kuna kivuli cha kutosha na mahali pa kuketi. Nikamwambia, hilo kamuulize dada yako mwenyewe.

Krismasi tunakuja. Nitaweka debe langu kwenye foleni, nitoke nje ya uzio. Usianze vigelegele, rozari yangu naja nayo shingoni! Nina jambo langu tu, na nimeshajua pa kulipeleka.

Wifi yako,
Klementina