Alfred wa Nyumba Hii

Jumanne, 6 Mei
Ni mvulana, na ataitwa Alfred! Ratili nane na ushei. Mwanangu Dean kapiga simu alfajiri kutoka hospitali. Jina la marehemu baba yake. Kabla ya chai ya saa nne nilishawaambia mji wetu wa Bacup mzima — mwenye bucha, kasisi, hata dereva wa basi. Nani mwingine mtaani kwetu ana mtoto anayemkumbuka baba yake hivyo?

Jumatano, 7 Mei
Jirani yangu Doreen hawezi kuona mtu kafurahi. Eti kwenye chekechea ya mjukuu wake wapo Alfred watatu, na wa nne ni paka wa mwalimu. "Majina ya mababu yamerudi, shoga, kama suruali pana." Nikamwambia hao wameokota, wangu karithi.

Gemma, mke wa Dean, kasoma kwenye simu: ni jina la Waingereza wa kale kabisa, maana yake ushauri wa vibwengo. Mume wangu hakushauriwa na mtu, sembuse vibwengo. Ila palikuwa na mfalme wa jina hilo, aliachiwa mikate motoni akaiunguza. Huyo sasa ndiye Alfred wangu kabisa.

Binti yangu Lindsay hajapiga simu. Huwa wa kwanza.

Jumapili, 11 Mei
Nimemwendea mwenyewe. Kanipa chai. Nikamsifia mtoto wa kaka yake — nilisifu mno, najijua. Akasema polepole, "Hilo lilikuwa la wangu, Mama."

Wake alizaliwa amekufa, miaka mitatu sasa. Kwenye jiwe la kaburi waliandika jina la ukoo tu. Sote tulidhani hakupewa jina. Kumbe alipewa, walilijua yeye na mumewe, basi.

Nikaropoka: lakini mwanangu, siku hizi wamejaa kila chekechea.

"Wawe elfu mjini, sijali. Nyumba hii ilikuwa nao wawili. Baba na yeye."

Na Dean keshaliandikisha, juzi Ijumaa.

Jumatano, 28 Mei
Nimemwambia Dean. Kalia kama alipokuwa mdogo. Anataka kulibadilisha. Gemma kambana mtoto kifuani. Lindsay kapata habari, kampigia kaka yake: usiguse. Neno moja, kakata simu. Na yeye ndiye mama wa ubatizo, Jumapili hii! Kama atakuja, hakusema. Doreen kaniuliza mbona siku hizi simtaji mjukuu.

Ijumaa, 30 Mei
Nilikuwa natafuta bati la kuwekea mikate ya wageni, mkono ukagusa la Lindsay. Ndani, ile ngazi ya juu ya keki ya harusi yake. Tuliiweka kama ilivyo desturi huku kwetu, ije ikatwe akibatizwa mtoto wa kwanza. Bado inanukia brandi iliyoitunza. Nikalisukuma nyuma ya unga.

Jioni kaja mwenyewe. Hakuvua koti.

"Bati langu bado lipo, Mama?"

Nikampa. Kalipakata. Kafika mlangoni, kageuka: nina sukari laini ya kupambia keki? Nikampa pakiti nzima.

Sikuthubutu kuuliza ataandika nini juu ya keki, wala ni kwa Alfred yupi. Gari lake limekaa pale nje muda mrefu, taa zimewashwa, ndipo likaondoka.

Nyama nimeshachemsha. Viti nimeazima kwa Doreen. Wote wanakuja Jumapili.