Kikombe Alichomiminiwa Kaka

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha uani.
Jumatano, tarehe 14 Mei.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, si kwa kuwa imebeba msiba, la hasha, ila ni ndefu na magoti yako nayajua. Yanaendeleaje? Ile dawa ya kupaka uliyosema inanuka kama rangi ya mlango, imekusaidia au imekuharibia shuka tu? Na kifua cha Baba Mdogo? Mwambie namsalimu, na aache kujifanya kijana wa kupanda ngazi mbilimbili.

Sisi huku ni wazima wa mwili. Baba alifanyiwa upasuaji Alhamisi iliyopita, uvimbe ukatolewa, na daktari anasema umetoka wote. Anakunywa supu, anawatania wauguzi, na Jumamosi hii anarudi nyumbani. Hilo ndilo jema, na nimelitanguliza ili usome mengine bila kushika kifua.

Kisa cha wanao wawili, Kaka na Patasi, ulikisikia kwenye simu, lakini najua kilikufikia kimetiwa chumvi. Ukweli wake ni mdogo hata unatia aibu. Karakana ya Baba iliibiwa mbao. Patasi, kwa ukali ule ule uliomfanya Baba ampachike jina hilo, akabadilisha kufuli siku hiyo hiyo, ufunguo akautia mfukoni, akasahau kumwambia mkubwa wake. Kesho yake Kaka akafika na mteja aliyetaka kabati. Akajaribu ufunguo wake, akajaribu tena, mteja kasimama nyuma yake anatazama. Fundi mzima, mtoto wa kwanza wa mwenye karakana, kafungiwa nje kama mbwa. Kaka akaondoka na mteja wake. Jioni alirudi akachukua randa zake na misumeno yake, akaenda kujenga kibanda nyuma ya kiwanda cha mkate. Tangu hapo, mwaka mzima, wakikutana njiani kila mmoja anapata ghafla kitu cha kutazama upande wa pili.

Baba alipopangiwa siku ya upasuaji aliniita akasema, "Sitaki nipasuliwe tumbo huku watoto wangu wamepasuka." Akataka waketi meza moja kabla hajaondoka. Kazi hiyo akanipa mimi, maana mimi ndiye wa katikati, na wa katikati hubanwa pande zote. Watu husema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana shika kapu ukavune. Mimi sikushika jembe, nilishika birika.

Nyumba yetu haijui neno samahani, na lawama hiyo nakutupia wewe na marehemu Mama. Ninyi ndio mlioanza mkiwa wasichana: aliyekosa hasemi kitu, anamtengenezea mwenziwe kahawa mpaka mwisho, anamimina, anatia cheupe, anakoroga, anampelekea mkononi. Mwenziwe akinywa, yamekwisha. Akiiacha ipoe, bado. Kahawa kavu haihesabiwi. Mama alikuwa akisema kahawa kavu mtu humpa askari aliyekuja kumkamata.

Sasa cheupe gani? Hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniuma. Kaka unamjua, tone la maziwa likimgusa anavimba midomo na kutapika. Enzi za Mama alikuwa akikamuliwa tui lake pembeni. Baba ana kisukari, kwa hiyo vyote vilivyotiwa sukari, asali au vanila ni mwiko kwake. Wifi yangu, mke wa Patasi, ameacha kila kitokacho kwa mnyama, hata asali anasema tunawadhulumu nyuki. Patasi mwenyewe anataka kitu kizito, la sivyo atasema amepewa maji yaliyooshea vikombe. Na mimi? Mimi hunywa kilichobaki, hakuna aliyewahi kuniuliza.

Utaniambia ningeweka vibakuli vinne mezani, kila mtu ajichotee chake. Nilikataa kabisa. Watu wasiosemezana ukiwapa vibakuli vinne wanakuwa nyumba nne. Nilitaka kimoja, cha wote, ili mkono wowote utakaomimina usikosee.

Basi wiki nzima nikawa mtumwa wa jiko. Nilianza na tui la kopo, kwa kumkumbuka Mama. Baba akaonja, akaniuliza, "Hii ni kahawa au mafuta ya nywele?" Nikajaribu maziwa ya soya, yakakatika kwenye kahawa ya moto, yakaelea vipande kama chokaa iliyobanduka ukutani. Ya lozi mepesi mno, Patasi angenicheka hadharani. Ya shayiri niliyapenda mwenyewe, mazito na matamu bila kutiwa kitu, na utamu huo ndio uliotuponza, maana kipimo cha Baba asubuhi ile kilipanda hata nikamficha namba yake kwa nusu siku.

Mwisho muuza duka wa hapa pembeni akaniteremshia kopo la unga kutoka rafu ya juu. Limeandikwa kwa herufi kubwa KRIMU YA KAHAWA, SI MAZIWA, na chini yake, haina sukari. Nikamuuliza, una hakika? Akanijibu, "Mama, si umesoma mwenyewe? Si maziwa." Nikaujaribu. Ukayeyuka vizuri, ukawa mzito, Baba akaramba mdomo. Nikafurahi kama mtu aliyepata mkwe asiye na kasoro. Kwa kutaka meza ipendeze, nikaumwaga wote kwenye lile bakuli la Mama lenye kifuniko, kopo likabaki jikoni.

Asubuhi ya safari ya hospitali walikuja wote. Kaka aliketi karibu na dirisha, kofia mkononi, kama mgeni aliyekuja kuuliza njia. Patasi na Wifi walikaa upande wa mlango. Baba katikati, begi lake miguuni. Wifi alifunua bakuli, akaniuliza kama kuna cha ng'ombe ndani. Nikamwambia hakuna, nimesoma mwenyewe. Hakuna aliyezungumza zaidi ya hali ya hewa, na hali ya hewa nayo ilikuwa haina cha kuzungumzwa.

Kisha Patasi akasimama. Alimimina, akatia vijiko viwili, akakoroga taratibu, akavuka chumba na kisahani kikigongana na kikombe, akampa Kaka. Kaka akakitazama kile kikombe. Akamtazama Baba. Akakinywa chote, mpaka tone la mwisho, akakigeuza juu ya kisahani jinsi Mama alivyokuwa akifanya.

Baba akafunga macho. "Haya," akasema, "sasa nipelekeni." Nikaondoka naye kwenye teksi, na njia nzima alikuwa amenishika mkono akisema angekuwa na sauti angeimba. Hao wengine walibaki kufunga nyumba watufuate.

Hawakutufuata. Baba alikuwa bado anabadilishwa nguo Wifi aliponipigia simu. Kaka amevimba uso mzima, anatapika uani, wanamkimbiza kliniki. Huko walimchoma sindano, na muuguzi akauliza amekunywa nini. Wifi alirudi mbio nyumbani akalifuata kopo jikoni. Nyuma, chini kabisa kwenye mkunjo wa karatasi, herufi za kusoma mchwa: ina protini ya maziwa. Yaani si maziwa, lakini imetolewa kwenye maziwa. Ni sawa na mtu akwambie mimi si mwizi, nimeiba tu. Nilikwenda kumtupia muuza duka maneno yangu yote, naye akanijibu bila haya kwamba yeye huuza makopo, hayatengenezi. Wifi, aliyekwisha kunywa vikombe viwili akiusifu ule unga, akasema, "Basi na mimi nimemla ng'ombe bila kualikwa." Ni yeye pekee aliyetuchekesha siku ile, Mungu ampe maisha marefu.

Lakini hayo ya kopo yalijulikana Kaka akiwa ameshasema yake. Patasi ndiye aliyembeba, ndiye aliyemshika kichwa akitapika. Kaka alipoweza kufumbua midomo ile iliyovimba, alimtazama akamwambia neno moja, "Umerudia."

Wewe unajua maana yake, maana ndiye uliyemvuta Patasi kutoka uvunguni siku ile ya utoto wao alipotia maziwa kwenye kikombe cha tui ili aone Kaka atavimbaje. Mama alimcharaza, wewe ukamwombea. Mtoto alikuwa hana hata meno ya mbele! Leo ana ndevu na watoto, na bado anahukumiwa kwa kikombe kile. Wifi anasema Patasi alisimama pale kliniki machozi yakimtoka wazi mbele za watu. Baadaye machozi yakakauka, ikabaki hasira. Nilipompelekea habari ya kopo, hakutaka hata kulitazama. "Mimi kikombe changu nimeshamimina," akasema. "Sina kingine."

Baba hajui lolote. Alikiona kikombe kikinywewa, akakiona kikigeuzwa, akaingia kwenye chumba cha upasuaji na amani yake. Wauguzi wote wameshahadithiwa. Kila nikienda, mgonjwa wa kitanda cha pili ananiuliza wale kaka zangu waliopatana wako wapi, nami nasema mkubwa amebanwa na kazi ya mteja, mdogo ana homa asije akamwambukiza mzee. Nimekuwa hodari wa uongo, hata mwenyewe najiogopa.

Juzi nikaona liwalo na liwe. Nikalitia kopo kwenye mfuko, nikaenda kibandani kwa Kaka. Uvimbe ulikuwa umekwisha, amebaki na wekundu chini ya macho. Alikuwa anapiga randa mguu wa meza, nami nikamsomea zile herufi ndogo kwa sauti, maana nilidhani dawa ya ugomvi ni ukweli. Akasimamisha randa. Akalichukua kopo, akasoma mwenyewe, akanirudishia.

"Nilijua si yeye," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu pale pale kliniki. Uso wake niliuona."

"Sasa mbona hujamwambia?"

Akapuliza vumbi la mbao kwenye randa.

"Mdogo wangu, wewe sikufichi. Nilipokimaliza kile kikombe nilijiona kama nimenyang'anywa kitu. Mwaka mzima nina haki yangu, halafu vijiko viwili tu, imekwisha. Nilipoanza kutapika, moyoni nikasema afadhali."

Afadhali, Mama Mdogo! Mtu yuko chini, pumzi inambana, mdogo wake amemshika kichwa, naye anasema afadhali. Nilitamani kumtwanga na kopo lile. Nilisimama tu, pua zangu zimejaa vumbi, nikijiona mjinga wa kutupwa. Nimezunguka maduka kutafuta kisicho na maziwa, kisicho na sukari, kisicho na mnyama, kumbe mwenzangu alikuja mezani akitafuta cha kumdhuru mwenyewe, ili haki yake isiishe. Nikamwuliza, na Baba je? Akarudi kwenye mguu wa meza yake. Akasema Baba amepona, na mtu aliyepona anaweza kuambiwa.

Nina uchungu, sitaki kukudanganya. Nina uchungu na Kaka kwa kuipenda haki yake kuliko ndugu yake, na Patasi kwa kuona kikombe kimoja kinatosha kwa mwaka mzima wa aibu. Hata wewe umo. Ulisema utakuja kabla ya upasuaji, ukaahirisha, na wewe pekee ndiye ungeinusa ile kahawa ukajua. Nisamehe kwa kuandika hivyo. Ningekutengenezea kikombe kama ungekuwa karibu, ila sasa hata sijui nitie nini.

Jana jioni nilimpelekea Baba shati safi la kurudia nyumbani. Anajua ngazi za mlangoni zitamshinda na kidonda chake, ameshajipangia. Akaniuliza, "Nani atanishika kulia?" Nikamwambia Kaka. "Na kushoto?" Nikamwambia Patasi. Akacheka, akasema waambie wasigombanie upande. Kisha akalala, na mimi nikabaki nimeshika shati, nikijua kwamba Jumamosi atateremka kwenye gari ataniona niko peke yangu mlangoni, na hatauliza.

Nisalimie Baba Mdogo, na yule binamu yangu Mapengo, na mkewe, na bibi jirani anayekusomea barua miwani yako ikipotea. Mwambie hii asiisome kwa sauti. Wifi anakusalimu sana. Watoto wangu wanakupa shikamoo. Mungu ayape nguvu magoti yako, na akulindie nyumba yako wapendanao wasije wakahesabiana makosa.

Ni mimi mwanao, binti wa dada yako, nikupendaye hata katika siku ambayo sina wa kumpenda,

Wa Katikati.