Kiganja Kisichosikia Homa

Baba yangu uliyelala Karatu,

Leo ni Jumamosi, na jengo lote la maabara liko kimya. Wenzangu wako na familia zao. Mimi nimekuja kuchapa ngozi. Najua ungenitania: "Ng'ombe wamejaa Nainokanoka na ngozi zao, wewe unahangaika na mashine?"

Mashine yetu ni ndugu wa ile printa ya ofisini kwenu, ila hii haimwagi wino wa karatasi. Inamwaga utomvu laini, tabaka juu ya tabaka, na katikati inapitisha nyuzi nyembamba za fedha zinazobeba umeme na kusikia joto. Meza ya jirani wanachapa viunzi vya kuoteshea seli hai. Tunatumaini siku moja vitu hivi viwili vitaungana, na mtu aliyeungua apate ngozi iliyo hai na inayosikia.

Unajua kwa nini nilichagua kazi hii. Nilikuwa mdogo ulipofungua rejeta iliyochemka ya gari lako la watalii kwenye mlima wa kupandia Ngorongoro, wageni wakikuharakisha wasije wakamkosa faru. Maji ya moto yakakuunguza kiganja cha kulia hadi ndani. Kidonda kilipona, ngozi ikarudi nyororo, lakini haikusikia tena kitu. Ukawa ukimpa mtu mkono unamtazama usoni, ili ujue kama umembana sana. Wageni wakasema una macho ya upole.

Likizo moja ulinichukua hadi Nainokanoka, ukipeleka mizigo dukani. Ukungu ulikuwa mzito na sweta langu la shule halikufaa kitu. Watoto wa Kimasai wakaja kukuamkia, wameinamisha vichwa, nawe ukatoa mfukoni ule mkono uliozoea kujificha, ukamgusa kila mmoja kichwani. Nami nikajipanga nyuma yao nikainama.

"Wee Mchaga, umekuwa Mmasai tangu lini?" Ulicheka hadi ukakohoa. Lakini ukaniwekea mkono.

Tulirudi Karatu jioni, mimi nikitetemeka. Ulinishika paji la uso kwa kiganja kile kile. "Huna kitu, mama. Ni baridi tu ya kule juu." Mama akaingia, akanigusa, akapiga kelele: "Baba Neema! Mtoto anawaka moto huyu!"

Uliutazama mkono wako kama wa mtu mwingine. Kisha ukainama, ukaweka shavu lako kwenye paji langu, ukakaa hivyo. Shavu lilikuwa limelowa. Tangu siku hiyo ukawa unanipima kwa shavu, hata nilipokuwa kidato cha nne, mbele ya wenzangu. Aibu niliyoiona!

Siku naondoka kuja huku ng'ambo nilikuambia nitakutengenezea kiganja kingine. Ukasema, "Tengeneza taratibu, mama. Mimi siendi popote."

Ukaenda, baba. Viza ya kuniruhusu kurudi tena huku ikachelewa, wakakuzika bila mimi. Mama alinieleza kwa simu, mvua ikipiga bati, na nusu ya maneno yake sikuyapata.

Watu wa huku ni wema, ila hawagusani. Wiki inapita hakuna aliyenishika hata bega. Leo nimeamka mwili mzito, kichwa kinagonga, sina wa kumwambia. Nikaja kazini hivyo hivyo, maana kipande nilichochapa jana kilikuwa kimekauka bila kupasuka, kwa mara ya kwanza.

Nikakiunganisha kwenye kompyuta. Nikatafuta kitu cha moto cha kukijaribia, nikakosa. Basi nikakiweka mezani, nikainamisha kichwa kama wale watoto wa Nainokanoka, paji langu likakigusa.

Mstari kwenye kioo ukapanda, ukapita alama ya joto la kawaida la mwili, ukasimama juu. Nina homa, baba. Kiganja chako kimesikia.

Miaka yote nimeingoja siku hii, na imenikuta peke yangu. Sikuinua kichwa upesi. Kipande ni chepesi, hakina uzito wa mkono wako. Kinajua kuna homa, lakini hakijui ni ya nani.

Sasa nazima mashine, nikameze dawa nilale, kama ambavyo ungeniamuru. Nawe pumzika. Ningekitoa kipande hiki, na mashine yenyewe, nipate shavu lako kidogo tu.

Binti yako