Buibui Niliyemnunua kwa Maringo

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie na jina langu ulifiche, maana mimi ni kinyozi na nusu ya mtaa huu huniinamishia kichwa, wakiyajua haya sitaweza kuwatazama usoni.

Mwaka jana nilioa mwanamke mwenye binti wa miaka kumi, mtoto mtulivu, mpenzi wa wadudu, yule wa kumwokota jongoo na kumvusha barabara, na kwa muda mrefu aliniita anko, nami nikajikaza nisionyeshe kwamba inaniuma, hadi nilipomwahidi kwamba tutafuga tarantula, wale buibui wakubwa wenye manyoya, akaruka akaniita baba mbele ya mama yake, na mshauri, nilikwenda bafuni nikafungua bomba ili wasinisikie nikilia.

Alinielekeza vizuri kabisa kwa kuwa anasoma habari zao, akasema, "Baba, wa kwanza tuchukue yule wa kahawia anayekaa ardhini, ni mpole na hana mbio." Nikaitikia, lakini nilipofika duka la wanyama wa kufugwa nikamkuta mteja wangu mmoja ananunua chakula cha samaki, na dada anayeuza akaniuliza kama nimeshawahi kufuga, kwa sababu kwa anayeanza ana wa kahawia, na mimi, sijui ni shetani gani aliniingia, sikutaka kuitwa anayeanza mbele ya mteja wangu, nikasema nimeshafuga wengi tu, nikanyoosha kidole kwa wa bluu aliyekuwa amejibandika juu kwenye gome, anang'aa, dada akaniuliza tena kama nina uhakika maana yule ni mwepesi kama nini na akiuma maumivu yake si mchezo, nikacheka kama fundi mzoefu.

Nyumbani nikafungua kifuniko nimwekee maji, sikumwona akiondoka alipokuwa, nilimwona tu ameshafika karibu na vidole vyangu, nikakifunga kwa kishindo, na tangu hapo sijakifungua, maji namdondoshea kwa mrija kwenye matundu ya hewa, nyenje wa chakula chake nawasukumia humo humo, na boksi nimelifungia kabatini, ufunguo natembea nao. Mtoto kila akitoka shule anaomba amwone, nami namwambia buibui amelala, buibui hataki mwanga, na juzi nilimsikia akimwambia mama yake, "Anko hataki niguse vitu vyake." Anko, mshauri. Mke wangu aliendelea kukunja nguo.

Naona aibu. Nimewaza nimwache huyu buibui afe kwa njaa niseme aliugua, au ninunue mwingine nimbadilishe kimyakimya. Je, wa kuanzia nimchague yupi, na nifanyeje mtoto asijue?

Kinyozi

JIBU

Kinyozi, pole, halafu kaa vizuri nikuseme.

Kumwogopa buibui si kosa, mimi mwenyewe barua yako nimeisoma miguu ikiwa juu ya kiti. Kosa lako ni kumwogopa mnunuzi wa chakula cha samaki kuliko mnyama mwenye sumu, kisha uoga wako ukamtwisha mtoto. Yeye haoni hatari iliyomo kabatini. Anaona kabati limefungwa na mwenye ufunguo ni wewe, basi amejihesabu mgeni kwenu. Na unataka kumficha habari za buibui mtoto anayewajua wadudu kuliko wewe? Habari ya njaa sitaki hata kuisikia, huyo mnyama hakukuomba umchukue.

Boksi hilo usilifungue. Leo hii mpigie yule dada umwambie, "Nilikudanganya, sijawahi kufuga hata mmoja." Aje amchukue mwenyewe, yeye anajua namna.

Lakini kabla ya simu, mkalishe binti, mama yake akiwepo. Fungua kabati, amtazame huyo wa bluu kwa nje, kifuniko kikiwa kimefungwa, umweleze kwamba yeye alikuelekeza sawasawa na wewe uliona haya kuonekana hujui. Usimsingizie muuzaji, wala usimwombe mtoto akuite chochote.

Kuhusu yupi wa kuanzia, nimemuuliza mfugaji mmoja, akanijibu yale yale aliyokwambia binti yako: mpole, wa ardhini, asiye na mbio. Ameongeza kwamba mchukue aliyekua kidogo, boksi liwe pana na fupi kwa sababu akianguka kutoka juu anaweza kupasuka tumbo, mwekeeni udongo wa kutosha na kisahani cha maji, na msimshikeshike, manyoya yake yanawasha. Mkimkuta amelala chali, mwacheni, anajivua ngozi, usije ukamzika.

Dukani nendeni pamoja, achague yeye. Kazi yako ni kubeba boksi. Na dada akiuliza nani anaanza, nyoosha mkono wewe, hata kama duka limejaa wateja wako watupu.

Mkiwa njiani kurudi, kwa jina lolote atakalokuita, itika.