Chapa Kabla ya Moto

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya balaa. Mteja wa vigae anataka paleti zake za kusafirishia mzigo nje leo leo, na umeme unakuja na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Foleni ya kuingia kwenye tanuri imefika mlangoni. Kanuni naijua: mbao zipate moto mpaka moyoni, wadudu wafe, ndipo nigonge chapa ya kuthibitisha. Lakini siku za haraka nina ujanja wangu — nagonga paleti zikiwa bado kwenye foleni, ili zikitoka motoni zipande gari moja kwa moja. Baba mkwe, ambaye ndiye fundi wa tanuri, hajui. Akijua atanila mbichi! Leo nimegonga rundo zima la mlangoni. Kichwa nacho kikaanza kunigonga. Nikaomba ruhusa, nikarudi nyumbani kulala.

Jumanne, 5 Machi

Rundo la mlangoni halipo. Nimemuuliza dereva wa foklifti — tunamwita Redio, maana hazimiki. Anasema aliona chapa, akazipakia kutoka pale pale kwenye foleni, kwani kuna tatizo? Nikasema hakuna. Basi, hivyo tu. Baba alikuwa ndani ya tanuri anafagia, ningepaza sauti kidogo angenisikia. Najipa moyo: mbao zilikuwa safi, huenda hazina hata mdudu mmoja.

Alhamisi, 7 Machi

Kimya. Nimekula vizuri.

Jumatano, 13 Machi

Zimerudi. Wakaguzi wa bandarini wamezikataa. Vitundu kila mahali, na chini yake unga mwembamba wa mbao. Vigae vya watu vimebaki sakafuni, mteja anatishia kuhama.

Bosi ametuita uani. Mimi hakunitazama hata kidogo. Anitazame kwa nini? Mimi kazi yangu kugonga kilichokwisha kupita motoni. Alimtazama Baba. Akamuuliza kama lile rundo lilikaa kwenye tanuri muda wake. Siku ile umeme ulipokatika hata mashine ya kurekodi joto ilizima, kwa hiyo cha kutegemea ni kumbukumbu ya Baba tu. Baba akavua kofia. Akaivaa tena.

"Nadhani niliziingiza. Lakini siku hizi, bosi, sina uhakika na kichwa changu."

Nilikuwa nyuma yake, nimeikodolea macho shingo yake. Ningeweza kuzama ardhini pale pale, ila ardhi ya uani ni zege.

Alhamisi, 14 Machi

Mezani Baba ametuuliza kama tumemwona akisahausahau. Mume wangu, na utani wake, akamjibu tangu lini yeye akakumbuka miwani yake ilipo. Tukacheka wote. Baba naye akacheka, kwa kuchelewa.

Chumbani mume wangu hakuwa na utani tena. Anataka tumpeleke hospitali akapimwe, isije ikawa kumbukumbu ndiyo inaondoka. Nikasema tusubiri kwanza. Tusubiri nini, mwanamke mimi? Mzee mzima anaogopa kichwa chake kwa sababu yangu! Na ndiye aliyenitafutia kazi hii, akazunguka kuwaambia watu mkwe wake kazi yake haina walakini. Naona haya hata kumtengea chai.

Ijumaa, 15 Machi

Leo nilidhamiria kusema. Baada ya chakula cha mchana nikamfuata kwenye tanuri. Nikamkuta anajisemea kwa sauti: nimefunga mlango, nimewasha, nimeangalia joto. Na juu ya mlango ameandika kwa chaki, herufi kubwa: NIMEWASHA. Kazi aliyokuwa akiifanya huku anapiga mluzi! Aliponiona akaifuta haraka kwa kiganja. Nikasema nimekuja kuchota maji. Na nikachota kweli.

Jumamosi, 16 Machi

Bosi kaniita ofisini asubuhi. Baba ameomba mwenyewe aachie tanuri, abaki kwenye kung'oa misumari ya paleti kuukuu. Na ametaja wa kushika nafasi yake — mimi. Eti amesema mimi ni mtu wa kuaminika, sigongi chapa bila kuwa na hakika.

Bosi akauliza kama niko tayari. Nilikuwa na maneno yangu yote, nimeyapanga njia nzima tangu nyumbani. Yakatoka mengine.

"Nashukuru, bosi."

Sasa nimejifungia stoo, nimekalia paleti, naandika. Baba yuko nje ananisubiri. Ameshika kipima joto chake, kile ambacho hajawahi kumwazima mtu. Anataka anionyeshe tundu la kukichomeka linapotobolewa, katikati kabisa ya ubao, maana nje unaweza kuungua na moyo bado wa baridi. Nimesema nakuja, Baba. Nimesema hivyo mara mbili sasa. Anagonga mlango tena, taratibu, kama vile yeye ndiye anayenisumbua.

"Njoo mwanangu nikuonyeshe, kabla sijasahau."